Mama Maliza

Kwetu sufuria haikombwi. Ugali ukipakuliwa, chini kinaachwa kipande na kufunikwa, ni cha mtu ambaye hajafika. Anaweza kuwa mjomba kutoka Bunda, anaweza kuwa mpita njia usiyemjua. Asipotokea, asubuhi watoto wanakula kiporo. Nilipoolewa na Masatu, mama mkwe wangu Susana hakuanza kunifundisha adabu za mume. Alianza na sufuria. Alinikuta naikwangua kwa kijiko, akanipokonya kijiko bila hasira, akasema mtu anayekomba sufuria anamwambia Mungu kwamba hatarajii mgeni.

Sasa mchukue mtu aliyelelewa hivyo, umpe vidonge ishirini na kimoja, umwambie avimeze vyote, yeye peke yake, hata kama siku ya tatu homa imeondoka na anajisikia kushika jembe. Atakuitikia kwa heshima, halafu ataenda nyumbani kuweka nusu kwa ajili ya mgonjwa ambaye hajaugua. Hatukuwa wajinga, kama Lukresia alivyozoea kutuita. Tulikuwa wakarimu mahali pasipofaa, na mimi nilichelewa sana kuona tofauti.

Lukresia alikuwa nesi wa zahanati yetu, kijijini kando ya ziwa, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Musoma. Aliletwa mwaka 1984, wakati tulipokuwa tunafulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, na mwanamke mwenye kanga mpya alidhaniwa ni mke wa mlanguzi. Mtu wa Butiama, mrefu, mwembamba, sauti yake kali. Aliwahi kuolewa Bunda, upande wa Manyamanyama, akakaa miaka sita bila kupata mtoto, ng'ombe wa mahari wakarudi kwa mume naye akarudi kwao. Hayo alimwambia Susana peke yake, na Susana akaniambia mimi baada ya kuniapisha. Zahanati ilikuwa na mganga pia, lakini huyo akienda mjini kufuata mshahara alikuwa anasahau njia ya kurudi. Kazi yote ilikuwa ya Lukresia.

Dawa zilikuja mara moja kwa mwezi kwenye sanduku la kufungwa, na sanduku lilikuwa lile lile, tuugue wachache au tuugue wote. Ikifika tarehe ishirini ndani kumebaki aspirini na chupa tupu. Kwa hiyo Lukresia alililinda lile sanduku kuliko padri anavyolinda sakristia. Mtu mwenye mafua hakupata antibayotiki hata alie. Aliambiwa mafua yana siku zake, anywe maji, apumzike. Mzee mmoja alitoka ng'ambo ya kilima, akasubiri tangu alfajiri, akaambiwa hivyo hivyo. Aliuliza kama ametembea umbali wote ule kuja kuambiwa anywe maji, ambayo hata kwake yapo. Lukresia akamjibu kwamba ndiyo, na angeuliza mapema asingechoka.

Na yule aliyepewa dawa ndiye aliyekuwa na shida zaidi. Bahasha hazikuwepo, alifungia vidonge kwenye karatasi za madaftari ya zamani, na juu yake alichora jua mara tatu: linachomoza, liko utosini, linazama. Waliokaa karibu alitaka waje kumezea mbele yake. Alikupa maji, akakutazama unameza, akakuambia fungua mdomo, inua ulimi. Watu wazima wenye wajukuu walikuwa wanainua ulimi mbele ya mwanamke ambaye hana hata kuku. Waliokaa mbali walitakiwa kurudi na karatasi ikiwa tupu, na kueleza.

Jina la utani alilipata kwa Burito, mvuvi. Ndoana ilimwingia kwenye kiganja, mkono ukavimba, Lukresia akampa dozi ya siku saba. Siku ya pili Burito alifungua vidonge vitatu, akamwaga unga kwenye kidonda, akakifunga kwa kitambaa, vilivyobaki akawagawia wenzake wa mtumbwini, kila mmoja na chake kwa siku ya shida. Alifanya jambo zuri, alivyoona yeye. Lukresia alisikia, akashuka hadi ufukweni wakati samaki wanapimwa, watu wamejaa, akamsema palepale. Alisema mdudu ukimwonjesha dawa bila kumuua, kesho anakuja anaijua. Alisema Burito hajatibu mkono wake, amewasomesha wadudu wa kijiji kizima.

Burito alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, taratibu, kila mtu asikie: "Wewe mama kila siku maliza, maliza. Mtu anayemalizaga kila kitu, ndiyo maana kwako hafikagi mgeni."

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Tangu siku hiyo akawa Mama Maliza. Kumwita mama mtu ambaye hakujaliwa mtoto, hiyo nayo ilikuwa sehemu ya kicheko, ingawa wengi hawakujua kisa chake. Yeye alipandisha njia kurudi zahanati bila kugeuka.

Nyumba yake ilikuwa nyuma ya zahanati, vyumba viwili vya serikali, bati linavuja. Jioni alikuwa anafagia uwanja ambao haukuwa na wa kuuchafua, kisha anakaa kwenye kigoda mlangoni na redio yake, ambayo mara nyingi haikuwa na betri. Mgonjwa wa saa nane alikuwa anampita saa kumi na mbili kama hamjui, maana nani anataka kusalimiana na mtu aliyekuchungulia chini ya ulimi? Nilikuwa namwona kila nilipoenda kuchota maji. Nilimwonea huruma kidogo, ya kupita tu.

Susana hakupita tu. Siku moja alitoka jikoni na sahani iliyofunikwa, ugali wa udaga wa muhogo na samaki wawili wa kukaanga, furu wa ziwani, akasema amefunikia mgeni siku tatu mfululizo na mgeni haji, kwa hiyo ameona amfuate huko aliko. Alipandisha hadi kwa nesi. Walikaa mpaka giza linaingia. Aliporudi sahani ilikuwa nyeupe, imekombwa na kuoshwa, na Susana alikuwa anacheka peke yake njiani. Aliniambia yule dada wa Butiama anakula kama mtu aliyekatazwa kubakiza.

Ikawa kawaida. Mara michembe ya viazi vikavu, mara kikombe cha uji, mara hana kitu, anapanda hivyo hivyo. Walikuwa wanataniana kama watu waliocheza pamoja utotoni. Susana alipenda kumwambia akiba haiozi, na Lukresia akamjibu kila mara kwamba ya chakula labda, ya dawa inaoza na kumuozesha mwenyewe. Mwanamke yule ambaye hatukuwahi kumwona meno, Susana alimchekesha mpaka tukamsikia hadi kisimani.

Halafu ikaja ruksa ya biashara. Maduka yakajaa, sabuni zikawa za rangi zote, magari ya samaki ya kiwandani yakaanza kushuka na barafu kuja kuchukua sangara. Stanislausi, aliyekuwa mpima pamba wa chama cha ushirika mpaka chama kiliposhindwa kumlipa, akafungua duka la dawa baridi pale njia panda. Dawa baridi maana yake aspirini na dawa ya kikohozi, lakini chini ya meza alikuwa na kopo kubwa la antibayotiki za rangi mbili, vile vidonge vyekundu upande mmoja na vyeusi upande wa pili. Aliviuza kimoja kimoja, kama pipi. Hakuuliza kama ni kikohozi, tumbo au kidonda, na hakumwambia mtu afungue mdomo. Vijana waliokwenda kwenye dhahabu Buhemba walinunua vya kumeza kimoja kabla ya starehe, wakasema ni kinga. Mama mmoja alivikoroga kwenye maji ya kuku wakati wa kideri. Kuku walikufa wote, akasema dozi ilikuwa ndogo.

Kwa kweli tulimpenda Stanislausi. Alikuwa na maneno matamu, na kwake ulipata ulichotaka. Benchi la zahanati likaanza kuwa na nafasi. Lukresia alikwenda mara moja kumwambia anafanya jambo la hatari, naye akamjibu kwa adabu kabisa kwamba siku hizi mteja ndiye anayejua anachoumwa. Alirudi akakaa kwenye benchi la wagonjwa, yeye na karatasi zake zilizochorwa jua. Nilimpitia na ndoo yangu kichwani nikamwamkia. Aliniuliza kama Susana hajambo, na aliuliza kwa namna ambayo nilielewa hana mwingine wa kumuulizia.

Mwaka 1993, mvua za masika, Susana alishikwa na kichomi. Homa, kikohozi cha kukata, akivuta pumzi anashika mbavu. Hakutaka habari za Stanislausi. Aliniambia nimpeleke kwa rafiki yake. Lukresia alimsikiliza mgongo kwa chombo chake, akakunja uso, akahesabu vidonge ishirini na kimoja. Nilikuwepo. Nilisubiri aseme utakuja kumezea hapa, kwetu si mbali, mtu akiita anasikika. Niliona ameanza kusema. Kisha akamtazama Susana, ambaye alikuwa anajifunga kanga yake vizuri kama mtu mzima aliyejisitiri, akasema, "Wewe meza nyumbani. Mimi na wewe hatuchunguzanagi."

Susana alimshika mkono, wakaachana hivyo.

Siku ya nne nilimkuta kwenye viazi na jembe. Homa imekwisha, kikohozi kimepungua. Jioni nilipoingia chumbani kwake kuchukua mkeka nilimwona amekaa kitandani anafunga vidonge kwenye pindo la kanga kuukuu, mafundo mawili, anaviingiza kwenye kopo la kakao alilowekea vitu vyake. Nikajua ni vya wajukuu, au ni vya Masatu, ambaye naye alikuwa Buhemba kwenye mashimo. Nilinyamaza. Hata mimi nilikuwa na vyangu, chini ya godoro, vya miaka miwili. Na Lukresia akawa anapita kila jioni na kuuliza kama anameza, naye anajibu anameza, kwa sauti ile ile tunayoitikia salamu.

Kichomi kilirudi baada ya wiki mbili, na hakikurudi kwa upole. Safari hii Susana alikataa kupanda zahanati. Aliona aibu. Amwambie nini mwenzake, kwamba alimdanganya? Alinituma kwa Stanislausi, nilete viwili. Kesho viwili tena. Nikamuuliza, mama, si vipo vile vya kwenye kopo? Akanitazama kama nimetaja kitu cha altareni.

"Vile vina mwenyewe," akasema.

Nilikwenda njia panda siku tano. Nasema siku tano kwa sababu nimezihesabu mara nyingi. Lukresia alipopita, Susana alimwambia amechoka tu, mvua imemchosha, na alikaa sawa kwenye kiti mpaka aondoke, kisha akaanguka kitandani. Siku ya sita hakuweza kukaa. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Nilikimbia kupanda kilima bila viatu, na Lukresia akashuka mbio, yeye ambaye hatukuwahi kumwona akikimbia. Alimchoma sindano, akasimama katikati ya njia mpaka gari la samaki likasimama. Susana alikaa mbele kati ya dereva na Lukresia. Mimi nilikaa nyuma juu ya barafu na sangara, mpaka Musoma.

Daktari wa hospitali ya mkoa alisema kifua kimejaa usaha. Akauliza ametumia dawa gani. Lukresia alijibu kama askari: dawa fulani, siku saba, dozi kamili, nimempa mimi, amemaliza. Daktari akaandika. Nilitazama ile kalamu inavyokwenda, na nikaona nikinyamaza itakuwa uongo umeandikwa na serikali.

"Hakumaliza," nikasema. "Alimeza siku tatu. Halafu nikawa namnunulia kwa Stanislausi, viwili viwili."

Lukresia hakunikaripia. Nilikuwa nimejiandaa kukaripiwa, ningeshukuru. Aligeuka tu akamtazama Susana pale kitandani, muda mrefu, na Susana akafumba macho kama mtoto anayedhani hivyo haonekani. Daktari akasema atajaribu dawa nyingine, kali zaidi, ila wadudu hawa wameshazoeshwa dawa, na mgonjwa amechelewa. Walimtoboa ubavuni wakatoa usaha. Lukresia alilala sakafuni chini ya kitanda chake siku zote tatu, bila ruhusa ya kazini, na zahanati huku nyuma imefungwa. Sikusikia akimuuliza kwa nini. Alimpangusa uso, akamlisha uji kwa kijiko, na uji ukibaki aliumwaga.

Siku ya tatu, Lukresia ametoka kuchota maji, Susana aliniita kwa kidole. Alisema kopo nimpe Lukresia. Nikamwambia atampa mwenyewe tukirudi. Akasema, "Jeska, usibishane na mimi leo." Kisha akaniambia vile vidonge ni vya nini, maneno machache, akipumzika kila baada ya neno. Alfajiri alifariki.

Tulimzika kwetu, Masatu akaja na matope ya Buhemba kwenye suruali. Watu walikuwa wengi. Burito alichimba kaburi. Stanislausi alileta sukari ya msibani, akalia kweli, na mimi ambaye ningeweza kumsema nilipokea sukari nikamshukuru, kwa kuwa miguu iliyokwenda dukani kwake ilikuwa yangu. Lukresia alikaa pembeni na wanawake wa jikoni, hakuna aliyemsogelea. Wengine walinong'ona kwamba dawa ya Mama Maliza ndiyo iliyommaliza. Maneno hayo yalinichoma, nami ndiye niliyejua kuyajibu, na sikuyajibu.

Matanga yalipokwisha nilipeleka kopo. Ilikuwa mchana, alikuwa amekaa kwenye benchi la nje. Alilipokea, akafungua mafundo, akamwaga vidonge kwenye kiganja na kuvihesabu, desturi ya kazi. Vilikuwa kumi na viwili. Akasema kwa sauti kavu kwamba asante kwa kuvirudisha, wengine hata hawarudishi.

"Sijavirudisha, Sista," nikamwambia. "Ni vyako. Mama alikuwekea wewe."

Hakuelewa. Ikabidi nimalize, ingawa nilitamani kukimbia. Nikamwambia mama alisema hivi: yule anatutibugi sisi wote, na yeye akiugua hana mtu. Nani atampelekea dawa? Basi nimemwekea akiba yake.

Lukresia alifunga kiganja. Alikaa hivyo, ngumi juu ya goti, anatazama njia inayoshuka kwetu, na nikaona machozi yanamtoka bila uso wake kubadilika. Ziwani mashine za mitumbwi zilikuwa zinanguruma, watu wanaitana. Nilitaka kusema nilimwona mama siku ile anavifunga. Nikasema. Nilisema yote, mpaka na vyangu vya chini ya godoro.

"Wote niliwasimamia wakameza," alisema baadaye. "Mpaka Burito na matusi yake. Yeye peke yake nilimwonea haya."

Akainuka, akaenda chooni, nikamfuata kwa kuwa sikujua la kufanya. Sheria ni kwamba dawa iliyorudi haipewi mtu, inatupwa shimoni. Alivitupa kimoja kimoja, vyote kumi na viwili, kisha akatikisa ile kanga ya Susana, akaikunja ndogo, akaiweka mfukoni mwa gauni lake la kazi. Alinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Akaniambia nikalete vile vya chini ya godoro, halafu niende nikapike, yeye ana wagonjwa wanamsubiri.

Nilirudi kwa njia ya mbele ya zahanati. Kwenye benchi hapakuwa na mtu.